Ubeti wa Pili

Wimbo wenyewe uliitwa "Naondoka Kesho," ila ungeutaja kwa jina hilo mbele ya shabiki yeyote angekukodolea macho. Watu waliujua kwa jina la "Nilale Lini," na jina hilo hakulitunga mwanamuziki. Lilitoka kinywani mwa mama mmoja, dobi wa hospitali, siku aliyokuwa amerudi kutoka zamu ya usiku na kichwa kinampasuka.

Bendi iliitwa Soksi Moja. Mwimbaji wake, ambaye pia alipiga gitaa, alikuwa binti wa huyo dobi. Walimwita Chiriku tangu utotoni, kwa sababu alianza kusema kabla hajatambaa vizuri na tangu hapo hakunyamaza. Kwenye dramu alikaa binamu yake, mtoto wa kaka yake mama, ambaye walimwita Nyundo kwa jinsi alivyovunja vijiti na, siku moja, mguu wa kitanda. Gitaa la besi lilikuwa la kijana wa jirani aliyeitwa Kimya, na hilo halihitaji maelezo. Muziki wao ulikuwa panki, lakini ile panki yenye utamu ndani yake: magitaa yanakimbia kama yamefukuzwa na mbwa, halafu kinakuja kiitikio chepesi ambacho mtu anajikuta anakiimba huku anapiga mswaki.

Singo yao ya kwanza ilisikilizwa na ndugu tu, na hao ndugu hawakuwa na pa kukimbilia. Ya pili ndiyo hii. Waliirekodi mchana, kwenye chumba cha nyuma nyumbani kwa kina Chiriku, wakiwa bado wanafunzi, kwa kompyuta ya kuazima na magodoro yaliyosimamishwa ukutani ili kupunguza mwangwi. Mama alikuwa amelala chumba cha pili. Alikuwa ameomba jambo moja tu, kwamba wasipige dramu. Wakamwambia watapiga kidogo.

Kabla ya kiitikio cha mwisho, wimbo ule unasimama. Vyombo vyote vinanyamaza kwa pumzi moja, kisha vinaingia kwa pamoja. Walikuwa wameurudia mpaka vidole vinawawasha, na kila mara kuna aliyekosea. Safari hii walifika hapo salama. Vyombo vikanyamaza, na katika ule ukimya, kupitia ukuta na magodoro, ikapenya sauti ya mama. Haikuwa ya kupiga kelele wala ya kubembeleza. Ilikuwa sauti ya mtu aliyefika mwisho wa kamba.

"Na mimi nilale lini?"

Nyundo aliangua kicheko akachelewa kuingia, na kicheko hicho kimo kwenye rekodi mpaka leo. Chiriku alitaka wafute, waanze upya. Kimya, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajafungua mdomo, akasema, "Iacheni." Kwa kuwa hakuwa mtu wa kusema, wakaona pengine ana sababu. Wakaiacha.

Nani angejua kwamba nusu ya vijana wa nchi walikuwa wanalisubiri swali lile? Kila aliyekuwa na mtihani, kila aliyefanya kazi mbili, kila aliyekuwa na mtoto mchanga alilidaka. Kwenye maonyesho, vyombo viliponyamaza, umati mzima uliuliza kwa sauti moja. Liliandikwa kwenye fulana na kwenye vikombe vya chai. Redioni wakaanza kuukata ubeti wa pili ili wimbo uwahi kufika kwenye sauti ya mama.

Na mama akawa mtu maarufu bila kuombwa idhini. Mwanzoni alicheka. Wauguzi walipompelekea mashuka machafu walimwambia, "Tusemee kidogo, mama," naye akasema, wakacheka pamoja, siku ikasogea. Lakini mzaha ukirudiwa sana huwa kama chai iliyochemshwa mara ya pili. Watu walimsimamisha barabarani. Mtu mmoja alimwomba msibani, marehemu hajatolewa hata ndani. Siku hiyo mama alimtazama yule mtu kwa muda, akajifunga khanga yake vizuri, akaenda kukaa upande mwingine. Tangu hapo redio ikianza kuupiga wimbo ule, mama aliizima mapema. Aliona haya kuisikia sauti yake mwenyewe.

Miaka ikapita. Soksi Moja wakatoa albamu tatu. Ya kwanza ilipendwa, ya pili ilivumiliwa, ya tatu watu waliisifia kwa adabu kisha wakaomba wapigiwe "Nilale Lini." Chiriku aliimba wimbo ule kwenye kumbi, viwanja vya mpira, mahafali, na ufunguzi wa duka moja la viatu. Aliuimba akiwa na homa. Aliuimba siku aliyoachwa na mchumba wake. Ilifika mahali maneno yakawa kama namba ya simu: yanatoka yenyewe, huyafikirii. Koo lake lilikuwa limeanza kukwaruza, na daktari alimshauri apumzike, akamwitikia kama watu wanavyowaitikia madaktari.

Ndipo kampuni moja ya muziki ikawaita. Ilitaka wimbo ule urekodiwe upya, kwa mitambo safi, kwa sababu rekodi ya zamani ilikuwa na mwangwi na mlio wa kompyuta. Meneja wa kampuni, bwana mmoja mpole aliyependa kusugua viganja, aliwaambia kila kitu kibaki vilevile, neno kwa neno. Na mama aje mwenyewe, aseme tena.

Nyundo alifurahi kuliko wote. Alikuwa ameoa, ana mtoto anayeota meno, na nyumbani walimngoja kwa habari njema. "Nenda ukaongee na shangazi," alimwambia Chiriku. "Wewe ndiye mwanawe. Mimi akiniona anakumbuka kile kitanda."

Chiriku alimkuta mama jikoni, amekaa kwenye kigoda, miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Siku hizi alikuwa zamu ya mchana, lakini miguu haikuwa imepata taarifa hizo. Vifundo vilikuwa vimevimba, na ngozi ya mikono ilikuwa na ule weupe wa miaka mingi ya dawa ya madoa.

"Umekonda," mama alisema kabla ya salamu kuisha.

"Nimechoka tu, mama."

"Kuchoka na kukonda ni mtu na mdogo wake. Kuna chakula kwenye sufuria."

Chiriku alipakua, akala wima, huku akieleza. Mama alisikiliza akisugua mguu mmoja kwa mwingine ndani ya maji.

"Si wanayo sauti yangu tayari?" aliuliza.

"Wanataka mpya. Safi."

"Mimi si mpya, mwanangu."

"Ni neno moja tu, mama. Unasema, unarudi nyumbani."

"Ndivyo ulivyoniambia kuhusu dramu." Mama alitoa miguu kwenye beseni, akaifuta taratibu. Alikuwa amekwisha kukubali, na Chiriku alijua hivyo, kwa kuwa mama hakuwahi kumkatalia jambo la kazi. Kazi ni kazi, alikuwa akisema, hata ikiwa ya kupiga makelele.

Siku ya kurekodi mama aliomba ruhusa kazini. Alivaa gauni lake la kwendea arusini na viatu vilivyombana. Studio ilikuwa chumba chenye zulia ukutani, na kioo kikubwa kikitenganisha waimbaji na fundi wa sauti. Fundi alikuwa kijana mwenye heshima zake. Alimpa mama kiti, akamvisha visikizio kichwani kwa uangalifu, akamweleza kwamba atampigia ile rekodi ya zamani tangu mwanzo, ili azoee na ajue pa kuingilia.

Chiriku alikuwa upande wa pili wa kioo na wenzake, ameshika kikombe cha chai. Wimbo ukaanza. Mama alitikisa kichwa kidogo, akatabasamu kwa adabu, kama mtu aliyepelekwa kuona nyumba ya mwenyeji wake. Ubeti wa kwanza ukapita, ule wa begi lililofungwa na basi la asubuhi. Kiitikio kikapita. Ndipo Chiriku akakumbuka kinachofuata. Angeweza kumwambia fundi azime. Kitufe kilikuwa pale, mkono wa fundi ulikuwa pale. Lakini mtu akikamatwa ghafla na jambo alilolisahau miaka mingi, mwili hautii haraka. Alisimama tu, na kwenye spika ikatoka sauti yake mwenyewe, nyembamba, ya msichana wa sekondari aliyekasirikia dunia:

*Nyumba nzima yanuka dawa ya madoa,*
*Mama karudi kazini, uso umepauka,*
*Mashuka ya wagonjwa moja moja ayajua,*
*Nikija kuwa kama yeye, bora kuzikwa.*

Tabasamu la mama halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni kwa muda, kama mgeni asiyejua kwamba wenyeji wamekwisha kwenda kulala, kisha likaondoka. Akayashusha macho kwenye mikono yake iliyolala mapajani. Wimbo ukaendelea, ukafika pale unaposimama, sauti yake ya zamani ikauliza lile swali, Nyundo wa zamani akacheka, wimbo ukaisha.

Nyundo wa sasa alikuwa anatazama sakafu.

"Sawa, mama," fundi alisema kwenye kipaza sauti, bila kujua alichokifanya. "Sasa narudia, ukifika pale, sema."

Mama alisema. Sauti ilitoka ndogo, ya kistaarabu, kama anamuuliza daktari wa zamu. Fundi akaomba tena. Akasema tena, na safari hii ilikuwa ndogo zaidi.

"Vizuri sana, mama. Ila tunataka ile hasira. Kumbuka siku ile ulivyokasirika."

"Sikukasirika," mama alisema. "Nilikuwa nataka kujua."

Fundi alicheka kidogo, akaona wengine hawacheki, akaacha. Walijaribu mara kadhaa, mpaka mama akavivua visikizio mwenyewe, akaviweka kwenye kiti kwa utaratibu, waya umekunjwa, na kusema anaomba maji.

Nje ya studio palikuwa na benchi chini ya dirisha. Chiriku alimletea maji, akakaa. Kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kusema, hakujua aanze wapi.

"Kumbe nilikuwa nanuka," mama alisema.

"Mama, nilikuwa mtoto."

"Najua. Nilikuzaa mimi." Alikunywa maji. "Watu wote wale wanaonisimamisha njiani, wanaujua huo ubeti?"

"Redioni wanaukata."

"Sikuuliza redioni."

"Wanaujua," Chiriku alisema. "Wale mashabiki wenyewe, wanaujua."

Gari la takataka lilipita, wakangoja kelele iishe.

"Na hilo la mashuka ulitunga," mama alisema. "Mashuka ya hospitali yote meupe. Nani ayajue moja moja? Hapo ulitafuta kina tu."

Chiriku alitaka kucheka, akaona machozi yako karibu zaidi. "Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Ila ubadilishe."

Hilo Chiriku hakulitegemea. Alikuwa ameuzoea msamaha wa mama, ule unaokuja na chakula na kuishia hapo. "Wanataka uwe vilevile," alisema. "Ndilo sharti lao."

"Basi wewe uliniomba msamaha wa nini?" mama aliuliza, bila ukali. Alivua kiatu kimoja, akakanda vidole. "Wewe ulikuwa mtoto, sawa. Sasa ni mtu mzima. Ukiuimba leo, hasemi mtoto. Unasema wewe."

Chiriku alimtafutia mama gari la kumrudisha nyumbani, akarudi ndani. Meneja alikuwa amefika, anasugua viganja. Chiriku alimwambia ubeti wa pili utabadilishwa au utatolewa. Meneja alimsikiliza kwa upole wake wote. Akamweleza kwamba watu hawanunui wimbo, wananunua ujana wao, na ujana wa mtu haurekebishwi. Chiriku akasema basi na waununue kwingine. Hapakuwa na ugomvi. Meneja aliwashukuru kwa kuja, akamwambia fundi azime taa za upande ule, na mkataba ukarudi kwenye mkoba wake bila saini.

Nyundo ndiye aliyewaka. Walikuwa wamefika kwenye ngazi aliposema, "Umeniuliza mimi?"

"Hukuona uso wake?"

"Niliuona. Ni shangazi yangu. Lakini mwanangu naye ana uso, Chiriku. Nitaenda kumwambia nini mama yake?" Hakungoja jibu. Alishuka akiburuta mkono kwenye reli ya ngazi, na siku nyingi zikapita hakupokea simu.

Jambo ambalo Chiriku hakulifikiria ni kwamba hata mama hangefurahi. Alipomwambia, mama aliacha kukunja nguo.

"Nilikuambia ubadilishe ubeti. Sikukuambia umnyang'anye mwenzio riziki."

"Walikataa, mama. Ningefanyaje?"

"Sijui. Mimi ni dobi." Akaendelea kukunja. Kisha, baada ya fulana mbili tatu, akasema, "Mpigie binamu yako. Mwambie aje ale."

Nyundo alikuja, kwa sababu mwaliko wa shangazi haukataliwi. Alikula, akaongea na shangazi yake tu, akamwonyesha picha za mtoto. Kwenye kunawa mikono alimwambia Chiriku, kwa sauti ya mtu asiye na nguvu za kuendelea kununa, kwamba kuna chuo kimewaita kwa onyesho, na kama wanakwenda basi waende.

Walikwenda. Ulikuwa ukumbi wa chuo, viti vya plastiki vimesukumwa pembeni, spika moja inakoroma. Wanafunzi walikuwa wengi kuliko walivyotarajia. Nyuma ya pazia Chiriku aliwaambia wenzake: baada ya kiitikio cha kwanza, wasiingie ubeti wa pili. Wapige gitaa tupu, kisha kiitikio tena. Nyundo aliinua mabega kukubali. Kimya alikubali kwa kichwa.

Wakapiga nyimbo nyingine, watu wakaruka kidogo kwa heshima. Walipoanza "Naondoka Kesho" ukumbi ukafumuka. Ubeti wa kwanza, kiitikio, kisha Chiriku akarudi nyuma hatua moja kutoka kwenye kipaza sauti, akainamia gitaa lake kama walivyopanga.

Wanafunzi wale hawakuwa wamepanga naye. Waliendelea. Ukumbi wote, wasichana na wavulana, wengine hata hawakuwa wamezaliwa vizuri wimbo ulipotoka, waliuimba ubeti wa pili kutoka mwanzo hadi mwisho, mikono juu, nyuso zinang'aa jasho. Dawa ya madoa. Uso umepauka. Walifika kwenye mstari wa mwisho na kuupigia kelele kwa furaha, kama vile kuzikwa ni safari ya shule. Msichana mmoja wa mbele alimnyooshea Chiriku kidole na kumwimbia usoni, macho yamejaa upendo.

Chiriku aliendelea kupiga gitaa. Alitaka kuwaambia wanyamaze, lakini huwezi kuwanyamazisha watu wanaoimba maneno uliyowafundisha mwenyewe. Aligeuka akamtazama Nyundo. Nyundo alikuwa anapiga dramu taratibu kuliko kawaida, mdomo umefumbwa, na alipokutana na macho yake akatikisa kichwa, pole pole, kama kumwambia: umeona. Vyombo viliponyamaza na umati kuuliza swali lile kubwa, Chiriku hakulisikia. Alikuwa bado yuko kwenye ubeti.

Baada ya onyesho walikaa kwenye ngazi za nyuma za ukumbi. Kimya alifunga gitaa lake la besi kwenye mfuko wake, akavuta zipu, na kusema amepata kazi ya kufundisha muziki kwenye shule fulani, anaanza mwezi ujao. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuwaambia. Nyundo akasema hongera. Chiriku akasema hongera. Hakuna aliyelia wala kutoa hotuba. Soksi Moja iliisha hivyo, kama betri inavyoisha.

Kesho yake mchana Chiriku alikwenda nyumbani. Mama alikuwa na mapumziko, anamenya viazi kwenye meza ya jikoni. Chiriku alichukua kisu cha pili, akakaa mkabala naye.

"Mliuimba?" mama aliuliza.

"Mimi sikuuimba. Waliuimba wao."

"Wote?"

"Neno kwa neno."

Mama aliendelea kumenya. Ganda lilikuwa refu, halikatiki, likishuka taratibu kwenye sinia.

"Waliuimba vibaya?" aliuliza.

"Hapana. Waliuimba vizuri sana."

"Mmh." Mama aliweka kiazi kwenye maji, akachukua kingine, akakigeuza akitafuta pa kuanzia. "Basi hapo hakuna tena cha kufanya."

Hakusema kwamba haidhuru. Chiriku alingoja aseme, na hakusema. Walimenya viazi vyote. Baadaye Chiriku alimweleza habari za Kimya, na za Nyundo anayetaka kujaribu udereva, na kwamba yeye mwenyewe hajui, daktari amemwambia koo lipumzike, na safari hii anadhani atamsikiliza. Akauliza kama anaweza kukaa nyumbani kwa muda.

"Chumba chako nimekijaza vitu," mama alisema. "Kuna mashine ya kushona mle, na masanduku ya shangazi yako, dada wa baba yako, hajaja kuyachukua mpaka leo."

"Nitayasogeza."

"Usiyasogeze peke yako. Ni mazito." Mama alisukuma kiti nyuma, akainuka kwa kushika ukingo wa meza, mkono mwingine kiunoni. "Njoo unisaidie kushika upande mmoja."